Uzi: Shule zilipofungwa kwa korona, ni msaada gani hasa ulifika nyumbani kwenu?

MzaziBukoba (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Kagera. Mnakumbuka Januari 2025 ilipotangazwa Marburg wilayani Biharamulo. Shule zetu hazikufungwa, na Machi ugonjwa ukatangazwa kwisha, lakini kwenye kikao cha wazazi mama mmoja aliuliza swali lililotuacha tunatazamana: "Wakifunga shule kesho, sisi tunafanya nini?" Jibu likawa tutasubiri waraka.

Kusubiri waraka tulishasubiri 2020. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alitangaza kufunga tarehe 17 Machi, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa. Kidato cha sita wakarudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Hapo katikati Taasisi ya Elimu ilirusha vipindi kupitia TBC, na vitabu vya kusoma mtandaoni bure vilikuwepo. Vitu vizuri kabisa. Sasa waulize wazazi wa huku kwetu ni wangapi waliojua kwamba vipo.

Nataka tukusanye hapa yale yaliyofika kweli: chakula, masomo, pesa, ushauri, chochote. Kilifikaje, na nani alikileta. Habari za chanjo na nyungu zina nyuzi zake, tafadhali tusizilete huku.

Kauzu

Korona ilishapita mkuu. Watu tunawaza michango ya Januari, wewe unatuletea magonjwa. Halafu kwetu si ilikuwa miezi mitatu na ushee tu? Watoto walipata likizo ndefu, wakarudi, maisha yakaendelea.

Chaki_Nyeupe

Kauzu, ilikuwa likizo kwa mwenye sahani mezani. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la saba Singida vijijini, na kitu cha kwanza kilichokatika hakikuwa hesabu. Ulikuwa uji. Shuleni kwetu wazazi wanachangia mahindi na hela kidogo, kuna mpishi, saa nne watoto wanakunywa. Kwa baadhi yao kile ndicho kifungua kinywa na chakula cha mchana. Shule ikafungwa, gunia mbili na nusu za mahindi zikabaki stoo zinaliwa na panya huku wenye mahindi wakiwa na njaa. Hakuna aliyethubutu kuyagawa kwa sababu hakuna aliyejua nani ana mamlaka ya kuyagawa. Andika hilo namba moja, MzaziBukoba: muhtasari wa kikao unaosema wazi kwamba shule ikifungwa ghafla, chakula kilichopo stoo kinagawiwa kwa nani, na nani anasaini.

La pili ni namba za simu. Nilitaka kuwapata wazazi wa darasa langu, maana watoto wale walikuwa na mtihani wa taifa mwaka ule ule. Rejista ya mahudhurio ina jina la mtoto na siku alizokuja, namba ya mzazi haina. Fomu za kujiunga na darasa la kwanza zilikuwa na namba za miaka saba nyuma, nyingi hazipatikani. Mnajua nani alikuwa na namba zote? Mama mweka hazina wa uji. Alikuwa na kidaftari cha kurasa tisini na sita, ameandika kila anayedaiwa, na pembeni ameweka maelezo yake mwenyewe: "baba mapacha, yupo machimboni, piga usiku", "huyu hana simu, piga kwa jirani wa duka", "mume anapokea ila hatoi ujumbe, mtafute mke gulioni". Serikali nzima haikuwa na taarifa kama zile. Alizikusanya kwa ajili ya kudai deni, zikaja kutusaidia kuwafikia watoto.

Kupitia kidaftari kile tukapanga. Niliandika maswali kwa mkono, karatasi moja somo moja, nikadurufu nakala chache stationery ya mjini kwa hela yangu, nikaziacha kwenye maduka matatu yaliyo njiani. Mtoto anachukua, ananakili kwenye daftari lake, anarudisha karatasi mwingine achukue. Jumamosi napita kusahihisha. Wengine hawakuonekana kabisa, hasa waliokwenda na ng'ombe. Lakini waliokuwa wakichukua karatasi hawakurudi Juni wamesahau kushika kalamu.

Kauzu

Sawa mwalimu, hiyo ya kidaftari nimeikubali. Ila hapo kwenye hela yako mwenyewe ndipo ninapokataa. Huo sio mpango, ni huruma ya mtu mmoja. Angehamishwa je?

MtaaWaPili_Nakuru

Niko Nakuru, Kenya. Kwetu ilikuwa ndefu kuliko yenu. Rais Uhuru alitangaza tarehe 15 Machi 2020, kesho yake shule za kutwa zikafungwa, za bweni zikapewa siku mbili tatu kuwaachilia wanafunzi. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Wengine walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Baada ya hapo kalenda ikabanwa, likizo zikawa fupi sana, na ada zikafuatana mfululizo hadi tukafika Januari 2023 ndipo mwaka ukakaa sawa tena. Kwa mzazi wa kipato cha siku, miaka ile miwili ya kukimbizana na karo ilikuwa mibaya kuliko kule kufungwa kwenyewe. Watu hulisahau hilo.

Masomo yalikuwepo. KICD, taasisi yetu ya mitaala, walikuwa na ratiba kwenye redio ya KBC na kwenye runinga ya Edu Channel. Julai mwaka huo Loon na Telkom wakaleta zile puto za kurusha intaneti angani, tukaambiwa sehemu kubwa ya magharibi na kati ya Kenya itapata mtandao. Puto zilikuja kweli. Lakini ili uzitumie ulihitaji simu ya 4G na laini ya Telkom, na pesa ya bando juu yake. Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na familia sita na simu ya namna hiyo ilikuwa moja, ya kijana wa bodaboda, naye hutoka asubuhi kurudi usiku. Mapema 2021 mradi wenyewe ukafungwa. Redio ilikuwepo kabla ya puto na ipo hadi leo.

Kitu kilichotusaidia hasa hakikutangazwa kama msaada wa shule. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa 2020, kutuma pesa isiyozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure. Wazazi wa darasa la mtoto wangu walikuwa na kikundi cha WhatsApp cha kulalamikia kazi ya nyumbani. Tukakigeuza chama cha kuchangiana. Mwenye mia anatuma mia, mwenye hamsini anatuma hamsini, haikatwi. Tulinunua unga, sabuni, na sodo, yaani pedi.

Niseme kuhusu sodo kwa sababu wanaume kwenye vikao huwa wanaruka hapo. Sheria ya Kenya tangu 2017 inasema msichana wa shule apewe sodo bure na serikali. Zinagawiwa wapi? Shuleni. Dawa za minyoo zinatolewa wapi? Shuleni. Kwa hiyo lango la shule likifungwa, mlolongo mzima unakatika siku moja, na hakuna mtu nyumbani anayejua aulize ofisi gani. Binti anakosa, kuna kijana mwenye pikipiki yuko tayari kumnunulia. Mengine mnajua yalivyoishia. Waliopata watoto, sera yetu inawaruhusu kurudi darasani, lakini wengi walihitaji mtu wa kwenda nyumbani kuwaambia hivyo, maana wao na mama zao waliamini wamefukuzwa.

DadaMkubwa

Na kwa Tanzania tuongeze: marufuku ya kurudi shule kwa waliojifungua iliondolewa Novemba 2021. Hadi leo nakutana na wazazi wasiojua. Kamati ya shule iliseme hilo kwenye kila mkutano.

Pia namba 116, ya kuripoti na kuomba ushauri kuhusu ukatili kwa mtoto. Inafanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda, na haikati salio. Shule ikiwa wazi, mwalimu ndiye anayeona alama mgongoni. Ikifungwa, nani anaona? Iandikwe ukutani dukani, kisimani, kwenye mlango wa zahanati.

Kauzu

MtaaWaPili, kwani walimu wa shule binafsi walikuwa wapi? Si mngewatumia?

MtaaWaPili_Nakuru

Walikuwa wanauza mboga. Shule za karo ya chini zinalipa mishahara kwa karo ya mwezi huo huo, kwa hiyo karo ilipokoma mwalimu alikoma kulipwa. Kule Mwea kuna shule ambayo madarasa yake yaligeuzwa nyumba ya kuku, picha zilizunguka dunia nzima. Baadhi hazikufunguliwa tena.

Na ndiyo, tuliwatumia. Wazazi watano sita mnamchukua mwalimu mmoja, anafundisha watoto uani, mnamlipa kidogo kidogo. Ilifanya kazi. Lakini niseme na ubaya wake: aliyeweza kulipa mtoto wake alisonga mbele, aliyeshindwa mtoto wake alisimama nje ya geti la ua akisikiliza. Tulikuja kukubaliana kila kikundi kichukue mtoto mmoja asiyelipa. Vikundi viwili vilikubali, vingine vikajifanya havijasikia. Serikali nayo ilijaribu mpango wa walimu kufundisha watoto mtaani kwa utaratibu wa nyumba kumi, mahakama ikausimamisha kabla haujasimama.

Mama_Riziki_Ohio

Yambo kwenu wote. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, tuko Marekani, jimbo la Ohio, tulikuja kama wakimbizi. Mtaniwia radhi Kiswahili changu. Nasoma uzi huu naona mnafikiri labda sisi huku tulipata vyote. Vilikuwepo vyote, hiyo ni kweli. Kuvipata ndiyo ilikuwa kazi.

Chakula kwanza. Serikali ya huku iliondoa masharti, ikaruhusu shule kutoa chakula bure kwa kila mtoto bila kuuliza kipato, na mzazi kwenda kuchukua bila mtoto kuwepo. Hiyo ilidumu hadi katikati ya 2022. Basi la njano la masomo lilikuwa linapita mtaani na mifuko: maziwa, tufaha, mkate wenye kitu ndani yake watoto wetu hawakukijua. Basi lilisimama dakika chache tu kwenye kona. Ratiba ilitumwa kwa simu, sauti ya mashine, kwa Kiingereza. Wazee walikuwa wanakata simu wakidhani ni matapeli.

Halafu kulikuwa na kadi ya P-EBT. Kwa mtoto aliyekuwa anakula bure shuleni, serikali iliweka pesa kwenye kadi badala ya chakula kile, mwaka ule wa kwanza dola 5.70 kwa kila siku ya shule aliyokosa. Mwenye watoto watano, piga hesabu mwenyewe. Kadi ilikuja kwa posta kwenye bahasha nyeupe ya kawaida, inafanana kabisa na matangazo ya bima. Najua familia zilizoitupa. Na wengine waliiona, wakaiogopa, kwa sababu mtu kanisani alisema ukitumia pesa ya serikali hutapata kadi ya ukaazi. Uongo. P-EBT haikuhesabiwa kwenye mambo hayo, na sisi wakimbizi sheria ile ya kuwa mzigo kwa serikali haituhusu tangu mwanzo. Lakini uongo ulikuwa kwa Kiswahili na ukweli ulikuwa kwa Kiingereza, sasa ushindi ulikuwa wa nani?

Kilichobadilisha mambo ni shule ya mtoto wangu kumwajiri mama mmoja wa kwetu kuwa kiungo na familia. Huyo hakuandika barua. Alirekodi sauti kwenye WhatsApp: "Mama zangu, bahasha nyeupe yenye alama hii msiitupe. Kesho saa tano basi linasimama mbele ya duka la Wanepali. Kompyuta ya shule si zawadi, ni ya kuazima, mtoto akivunja semeni mapema." Dakika moja, basi. Wengi wetu kusoma ni shida, hata kwa Kiswahili. Sauti ilipita nyumba zote jioni hiyo hiyo.

Na mjue, mlio huku: sheria ya haki za kiraia ya 1964 inailazimisha shule inayopokea pesa ya serikali kuu kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Mkalimani ni haki yako, bila malipo. Usikubali mtoto wako wa miaka kumi atafsiri kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Wangu alinitafsiria kwamba anafanya vizuri sana.

Chaki_Nyeupe

Mama Riziki nimecheka hapo mwisho, lakini hiyo ya kurekodi sauti naichukua nzima. Kwetu tulikuwa tunaandika tangazo refu lenye "kwa mujibu wa waraka tajwa hapo juu", halafu tunashangaa watu hawatekelezi.

Kijana_wa_Jinja

Ninyi mnaongea miezi. Uganda shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020 na madarasa yote yakafunguliwa pamoja tarehe 10 Januari 2022. Katikati watahiniwa walirudi Oktoba 2020, wengine wakaanza kurudi kwa zamu 2021, Juni wakafungiwa tena. Mdogo wangu alianza darasa la kwanza akasoma wiki chache, aliporudi alikuwa amekuwa mrefu kuliko dawati.

Serikali ilichapisha vijitabu vya kujisomea. Vilikuja kupitia mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na vingine vilichapwa magazetini. Kwetu havikutosha na vilikuwa kwa Kiingereza, mzazi anakishika juu chini. Kilichosaidia ni kijana wa kidato cha tano aliyekuwa naye kafungiwa nyumbani. Mwenyekiti alimwambia akae chini ya mwembe asubuhi, wadogo waje na kijitabu, asome kwa sauti na kueleza kwa Lusoga. Malipo yake yalikuwa chakula cha mchana kwa zamu kutoka nyumba za wale watoto.

Lakini mtu asiwadanganye kwamba shida ni masomo tu. Huku kuna mashamba ya miwa. Mtoto wa miaka kumi na tatu akishashika pesa ya kukata miwa, umwambie arudi akae na watoto wa miaka kumi asome vitenzi, atakucheka. Siku ya kufungua ndiyo ilikuwa siku ya kwenda nyumba kwa nyumba, na walimu wetu walisubiri getini. Rafiki zangu wawili hawakurudi. Mmoja sasa ana boda, anaendelea vizuri kunizidi, lakini jina lake kuliandika bado anahangaika.

MzaziBukoba

Aisee, asanteni. Nimeshapata zaidi ya nilivyotarajia. Kauzu, swali lako la hela ya mwalimu bado linanisumbua. Mfuko wa shule una maelekezo yake, huwezi kutoa tu kwa karatasi za mitaani. Wenzangu wa kamati watauliza nani analipa kudurufu na vocha.

DadaMkubwa

VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Kikundi chetu kina mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, kila wiki mtu anaweka mia tano. Katiba yetu ya kikundi tuliongeza mstari mmoja: shule ikifungwa kwa dharura zaidi ya wiki mbili, sehemu ya mfuko huo inaweza kutumika kwa mahitaji ya watoto wa wanachama. Tulibishana jioni moja, tukapitisha. Kwa nini? Kwa sababu wanachama karibu wote ni wazazi wa shule ile ile. Na kwa familia zilizo kwenye mpango wa TASAF, ule wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mhakikishe mjumbe wa kamati anajua ni zipi, si kwa ajili ya kuzitangaza, bali kwa kuwa huko ndiko chakula kitakwisha kwanza.

MtaaWaPili_Nakuru

Na fomu za basari, ule msaada wa karo, kwa Wakenya. Zikitoka hubandikwa kwa chifu na huwa wazi siku chache tu. Lango la shule likiwa limefungwa, hakuna wa kukugongea muhuri wa shule. 2020 kuna waliokosa kwa sababu ya muhuri peke yake. Mzazi aweke nakala ya barua ya kujiunga na ripoti ya mwisho nyumbani, kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa. Mafuriko ya 2024, shule zilipochelewa kufunguliwa hadi tarehe 13 Mei, walioishi karibu na mto walielewa kwa nini bahasha hiyo inafaa iwe ya plastiki.

Kauzu

Basi nami nichangie badala ya kupinga tu. Hiyo orodha ya namba, mkiitengeneza, msiirushe kwenye kikundi cha WhatsApp. Mimi nilishapigiwa: "Mzazi, mwanao ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma laki moja na nusu ya vipimo haraka." Alilijua jina la mtoto, darasa, hata jina la mwalimu. Nilikuwa nimesimama na mtoto mwenyewe, tunanunua viatu. Jirani yangu alituma. Orodha ilikuwa imepigwa picha kutoka ubaoni ofisini.

Chaki_Nyeupe

Kweli kabisa. Na tangu 2023 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inatumika Tanzania, shule haiko huru kusambaza namba za watu inavyotaka. Sisi sasa tunafanya hivi: daftari mbili tu, moja kwa mwalimu mkuu kwenye kabati lenye kufuli, nyingine kwa mweka hazina wa chakula. Mzazi anasaini kwamba ameridhia kupigiwa. Kila muhula, siku ya kuchukua ripoti, kila mzazi anapita mezani tunampigia hapo hapo, simu yake isipoita tunafuta tunaandika mpya.

MzaziBukoba

Asiye na simu je?

Chaki_Nyeupe

Unaandika jina la duka analonunua chumvi, na jina la muuzaji.